Seramidi kwa Magaga ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mwezi wa pili wa ndoa. Bado nikiamka na kumwona mke wangu amelala mdomo wazi, najiuliza nimemfanyia Mungu wema gani. Mungu naye, ili nisijisahau, amemleta mama mkwe. Atakaa wiki nzima. Nyumba imejaa baraka hadi pa kupumulia hakuna.

Mwanyumba, yaani mume wa dada yake mke wangu, alimpokea kituoni kabla yangu. Mfamasia. Ana gari, ana kitambi cha heshima, na mama mkwe humwita "mwanangu". Mimi huniita "fundi", kwa kuwa naweka vigae. Sauti ileile ya kumwitia fundi bomba.

Nimeapa. Kabla hajaondoka nitaitwa mwanangu.

Jumanne, 4 Machi

Njia imepatikana. Mama mkwe ana magaga; visigino vimepasuka kama ukuta wa mkandarasi mwizi. Mwanyumba kamletea mafuta ya kupaka, kayakabidhi kwa mikono miwili kama anayetoa kombe. Eti yana seramidi.

Seramidi! Hayo si mambo ya mke wangu? Kazi yake maabara ni kukuza seli kwenye visahani na kufuatilia zinavyotengeneza na kuvunja mafuta yaitwayo sfingolipidi. Nikamuuliza tukiosha vyombo. Akanieleza, povu likimchuruzika viwikoni. Jamani, uzuri ule.

Seli huchukua serini, ambayo imo kwenye protini kama ya mayai, ikaiunga na aina ya mafuta iliyojaa kwenye mawese. Hatua kwa hatua, seramidi. Kwenye ngozi hukaa katikati ya seli kama saruji nyeupe kati ya vigae, maji yasitoke. Nilitaka kulia. Kipenzi changu anasema lugha ya kazi yangu.

Akaongeza kwamba seramidi ikizidi, seli hupata amri ya kufa. Ikivunjwa ikawa sfingosini, kisha ikatiwa fosfati, amri inageuka: ishi, ongezeka. Mafuta yaleyale, badiliko dogo, unabarikiwa au unazikwa. Nikauliza kama mama yake naye yuko hivyo. Akanirushia povu.

Yaliyofuata sikuyasikiliza. Nilikuwa nawaza mawese na mayai.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepiga mawese na mayai mabichi mpaka mkono ukafa ganzi. Serini ipo, mafuta yapo. Visigino vitamalizia wenyewe.

Nikamwambia mke wangu ni dawa niliyopewa na rafiki. Uongo mdogo, wa mapenzi. Akampaka mama yake, akamvalisha soksi. Mama mkwe akauliza mbona ananukia keki mbichi. Nikasema ndiyo dalili ya ubora.

Ijumaa, 7 Machi

Shuka letu la harusi, tulilomtandikia mama mkwe, lilikuwa jeupe. Sasa ni la chungwa. Soksi zimeganda. Sisimizi wamepanga foleni kutoka dirishani hadi kitandani, kwa nidhamu ambayo sijaiona benki. Na mwanyumba, ambaye aibu ya mtu haimpiti, akafika kusalimia. Akauliza kwa upole kama ile ni dawa au kifungua kinywa.

Mke wangu akanusa, akanitazama. Nikasema yote. Akasema mimi, fundi mzima, nimemwaga mchanga na saruji uwanjani nikasubiri nyumba ijijenge. Mafundi ni vimeng'enya, nao wamo ndani ya seli hai. Ngozi ya juu ya kisigino ilishakufa. Fundi hayupo hata mmoja. Akasema mama akifunga mizigo leo, yeye hatamzuia. Hakutabasamu.

Nikachukua ndoo. Nikapiga magoti, nikasugua kitanda, ukuta, sakafu. Mwanyumba akakumbuka ana shughuli. Suruali yake haipatani na maji. Mama mkwe akakaa kitini, miguu kwenye beseni, akanitazama weee. Halafu akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. Akasema wakwe kawaona wengi, ila wa kumuunga kwa mayai ndiye huyu.

Kisha: "Mwanangu, na pale kwenye kona umepasahau."

Mwanangu. Nimeisugua kona ile mpaka kigae kikalegea.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe ameongeza wiki. Mke wangu amenisamehe, kanibusu nikiwa bado nanuka mawese. Anasema nimeitwa mwanangu kwa ajili ya ile ndoo. Ua langu, msomi wa watu, lakini mengine hayaoni. Ni yale mafuta. Yalikosa mafundi tu. Na ni yeye mwenyewe, akinipoza, aliyesema hata hamira ni seli hai na hujitengenezea sfingolipidi zake.

Nimekoroga upya. Mawese, mayai, hamira kopo zima, sukari ili mafundi wasifanye kazi na njaa. Nimejaza chupa hadi shingoni, nimekaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nimeificha penye joto: chini ya kitanda cha mama mkwe, upande wa kichwa. Amejilaza sasa hivi, anapumzika.

Nimetega sikio mlangoni. Kuna kitu kinafukuta. Wameanza kazi.