Maiki ya Chiku Imekwenda Mbalizi

Jumatatu, 7 Julai

Baridi ya Mbeya leo haina adabu. Nimeuza masweta ya mitumba mpaka nikabaki natetemeka mwenyewe. Jioni nikaingia banda la video la Mzee Muhidini, nyuma ya kibanda changu hapa Mwanjelwa. Muvi mpya. Magari yanaruka, maghorofa yanaanguka, jamaa anapigwa risasi kifuani, anaamka anavaa miwani. Tangu Juni ni hivyo hivyo. Eti huko zinakotoka ni muvi za kiangazi. Kiangazi cha nani? Nimekaa na blanketi magotini!

Halafu Chiku, mtafsiri wa banda. Anakaa pembeni ya televisheni na maiki yake, anatafsiri na kutia chumvi. Leo jambazi wa Ulaya amesema kachelewa sababu ya foleni ya hapa Uyole. Watu hoi kwa kicheko. Na mimi nilicheka, ila kwa hasira.

Sinema inatazamwa kavu, bila kutafsiriwa. Mimi natazama kavu na naelewa kila kitu.

Jumanne, 8 Julai

Nimembana Mzee Muhidini alipotoka kuswali alasiri. Nimemwambia watu wamechoka na mabomu, anipe siku moja tu niwaoneshe sinema yenye akili. Ninayo kwenye flashi. Stesheni ambayo treni hazisimami tena, mama anaifagia, mzee anakuja kila siku kukaa kwenye benchi. Hao ni mke na mume waliogombana. Nimeitazama mara nne.

Mzee akauliza kinalipuka nini humo. Nikasema moyo. Akasema haya mwanangu, chukua Jumamosi, lakini watu wakitoka kabla haijaisha, nisikanyage bandani kwake mpaka mwakani. Mpaka mwakani! Bila banda lile mimi ni nani? Muuza masweta tu.

Ijumaa, 11 Julai

Usingizi sipati kwa ajili ya Chiku. Ataleta foleni ya Uyole kwenye stesheni yangu! Nimemwomba kwa heshima zote, dada Chiku, kesho pumzika. Akacheka. Akasema kaka Anwari, bila mimi watu watajuaje huyo mama anafagia kwa nini. Dharau hiyo!

Basi nimetumia akili. Alipotoka kununua mahindi ya kuchoma nikachukua maiki, nikaiviringisha ndani ya sweta la kijani, nikaliweka chini kabisa ya rundo kibandani kwangu. Jumapili nairudisha. Si wizi. Nimeazima kwa faida ya wote.

Jumamosi, 12 Julai

Asubuhi kaja Matilda, yule mama anayenunua kwa jumla akauze Mbalizi. Nimemuuzia rundo zima. Nikamsindikiza hadi kwenye gari, nikampungia mkono kwa furaha. Gari limeshakata kona ndiyo nakumbuka sweta la kijani. Mungu wangu!

Banda likajaa. Chiku katafuta maiki mpaka chini ya mabenchi. Sinema ikaanza. Mama anafagia. Anafagia tena. Obeid wa bodaboda, mgonjwa wa muvi za mabomu, akauliza kwa sauti huyu mama anapigana saa ngapi. Watu wakaanza kusimama. Nikaona mwaka wangu unatoka mlangoni.

Ndipo Chiku akainuka. Akasema maiki hana, anayetaka kusikia asogee. Wakasogea, mablanketi yakagusana. Akaanza kusimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayewapa ndugu habari za msiba. Hakuna Uyole, hakuna mzaha. Akasema yule mzee si mume wa mtu hapo. Ni kaka yake huyo mama. Hawajasemezana tangu walipomzika mama yao.

Kaka yake! Na mimi nimeitazama mara nne!

Nilitaka kubisha, lakini kila kitu kikawa kimekaa mahali pake. Mama alipompelekea kaka yake chai, Chiku akanyamaza kabisa. Tukasikia chai ikimiminwa. Obeid analia waziwazi, anajifuta kwa kofia. Na mimi pia. Jamani, yule dada ana kipaji! Anajua pa kusema, na zaidi anajua pa kunyamaza. Hakutoka mtu hata mmoja.

Jumapili, 13 Julai

Matilda kapiga simu, kakuta maiki ndani ya sweta, anauliza kama ni nyongeza. Nimeifuata Mbalizi. Nikampa Chiku, nikasema nimeiokota. Akainusa. Akasema inanuka mitumba, akaondoka anacheka.

Mzee Muhidini kafurahi, kanipa Jumamosi ijayo. Sasa nimekaa nikapima, siri ya jana ilikuwa nini? Maiki haikuwepo! Kelele zilipungua, sinema ikang'aa. Kwa hiyo Chiku mwenyewe asipokuwepo, si ndiyo itang'aa mara mbili?

Nimemkatia tiketi ya basi aende Iringa Jumamosi hiyo, kwenye harusi ya binamu yake Shufaa. Eti shukrani. Kaniombea dua ndefu mpaka nikaona aibu kidogo. Mzee akauliza sasa nani atatafsiri. Nikamwambia mimi.

Sinema niliyochagua ni ya Kikorea, ndefu, hawasemi sana. Ugumu uko wapi? Watu wawili wanapanda mlima. Bila shaka ni mke na mume.