Miisho Ndani ya Bati la Biskuti

Jumatatu, 4 Machi

Balaa. Mwalimu Mkuu kaniita ofisini. Mkaguzi wa elimu anakuja Jumatatu ijayo, na akikuta maktaba ninayoisimamia haina msomaji, chumba anapewa mwalimu wa michezo aweke mipira na nyavu zake. Mimi narudishwa kufundisha hesabu darasa la pili. Darasa la pili! Wale watoto hufuta kamasi kwenye tai ya mtu.

Mwalimu wa michezo, tunayemwita Filimbi, alikuwepo, anajifanya kutazama nje. Jioni nikamfuma maktabani anapima ukuta kwa hatua. Eti ananyoosha miguu.

Chumba chenyewe ni kizuri. Kina kimya, kivuli na kiti chenye mto. Kwa usingizi wa mchana sijaona mfano wake. Siiachii mipira.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata akili. Nimechukua vitabu vyote vya hadithi, nikakata kurasa za mwisho kwa wembe, nikavigawa madarasani. Anayetaka mwisho atakuja maktaba, apende asipende. Miisho yote nimeitia kwenye bati la biskuti. Karatasi zilizidi kidogo, kifuniko kikagoma, nikazipunguza chini kwa mkasi. Zikaenea vizuri mno.

Mke wangu, fundi cherehani, aliniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu.

Alhamisi, 7 Machi

Wamekuja! Foleni imefika kwenye mabomba ya maji. Filimbi yuko uwanjani peke yake, anadundadunda mpira. Roho yangu kwatu.

Wa kwanza alikuwa msichana wa darasa la sita, tunamwita Mdadisi kwa kuwa maswali hayamwishi. Akaomba mwisho wa hadithi yake ya mpelelezi. Nikafungua bati, nikatafuta namba za kurasa. Namba za kurasa huwa chini. Chini nilikata.

Jasho jembamba. Nikampa karatasi za juu juu, huku natabasamu. Na waliomfuata hivyo hivyo, mpaka bati likabaki tupu.

Ijumaa, 8 Machi

Mdadisi karudi kabla ya kengele, na karatasi mkononi. Anasema mpelelezi alikuwa ameshamkamata mwizi shati, akifungua ukurasa anakuta kobe anaoa. Nyuma yake kundi zima linanung'unika. Kuna binti mfalme aliyezama baharini, kisha akamshukuru kocha wake.

Nikawaambia fasihi ni pana. Mdadisi akanitazama.

"Mwalimu, wewe umekisoma hiki?"

Nikasema nina shughuli nyingi. Nikakusanya miisho yote, nikairudisha batini. Filimbi alisikia kila kitu, akatoka mbio kwenda ofisini. Mwalimu Mkuu kamjibu kwamba Jumatatu atajionea mwenyewe, yeye na mkaguzi. Chakula kimenishinda.

Jumapili, 10 Machi

Nimeshinda sebuleni sakafuni najaribu kuoanisha. Sijaoanisha hata kimoja. Mke wangu akasimamisha cherehani.

"Baba watoto, katika vitabu vyako vyote umesoma hata kimoja?"

Nikamwambia mimi ni msimamizi. Alicheka mpaka akadondosha sindano. Halafu akasema anayeweza kujua mwisho ni wa hadithi ipi ni yule aliyesoma mwanzo, basi niwaachie watoto. Wanawake bwana. Nimeamua kesho niugue. Tumbo.

Jumatatu, 11 Machi

Tumbo limekataliwa. Mke wangu kanitoa nje na bati langu mkononi.

Maktabani nikakata tamaa, nikamwaga karatasi zote sakafuni. Watoto wakamiminika na vitabu vyao. Mdadisi akashika usukani. Huyu anasoma karatasi kwa sauti, yule anapiga kelele kwamba hiyo ni yake, mwingine anabisha, wanabadilishana vitabu ili kuhakikisha, wanasahau kubishana na kuzama kusoma. Mimi nimepanda juu ya kiti nawasihi wajipange mistari.

Ndipo mkaguzi akaingia. Hakuna aliyemwona! Ikabidi aruke miguu ya watu. Akauliza hili ni somo gani.

"Si somo," Mdadisi akasema bila kuinua kichwa. "Tunatafuta kobe anamwoa nani."

Mkaguzi akaokota kitabu. Akakaa kwenye kiti changu, kwenye mto wangu. Alipokumbushwa na Mwalimu Mkuu kwamba madarasa mengine yanamsubiri, aliinua kidole tu, akaendelea kufunua. Mwishowe akatoka na kusema chumba hiki kisiguswe.

Nikajificha nyuma ya kabati. Nikalia kidogo. Mwili mzima mwepesi. Hakuna hesabu, hakuna darasa la pili!

Jioni Filimbi kaja kwa kunyata, anauliza kama yule golikipa wa kwenye hadithi aliidaka penalti. Nikamwambia ajipange foleni.

Jumatano, 13 Machi

Mke wangu anashonea miisho mahali pake. Kazi haiendi, maana anasoma kila kitabu kabla ya kukishona, na chakula cha jana tumekila baridi. Kimoja kanipa nisome. Nimekipeleka maktabani, kina unene mzuri sana chini ya mto.

Lakini usingizi uko wapi? Watoto wamejaa kutwa nzima, wameshajua miisho yote na bado hawaondoki. Filimbi naye yumo, kajikunja pembeni.

Usiku mke wangu kaniuliza kile kitabu nimekionaje. Nikasema kimenigusa sana, hasa mwisho. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akautoa mwisho wenyewe. Alikuwa hajaushona bado.

Hata hivyo sina wasiwasi. Mwalimu Mkuu anasema mkaguzi atarudi muhula ujao na wageni, waje kujifunza mbinu yangu. Wembe mpya ninao tayari. Safari hii nakata katikati.