Marumaru ya Kubandika

Butembo, Jumatatu, tarehe 1 Oktoba 2001

Siku kubwa! Nimefunika sebule yangu yote kwa autocollant, ile plastiki ya kunata, yenye mishipa ya kijivu kama marumaru ya kweli. Hata kabati la marehemu mama limepata. Jumapili Tantine Jokébed, shangazi yake Rébecca, anapanda kutoka Beni kuja kuona nyumba. Akiridhika, anapokea mbuzi wa mahari na Rébecca ni wangu. Asiporidhika... Hapana! Ataridhika. Nani mwingine mtaani ana marumaru?

Jumanne, tarehe 2

Mvua usiku kucha. Pembe ya juu imeanza kubanduka.

Melchior, mchoraji wa vibao vya maduka, amepita kusalimia. Anasalimia mno huyu, hasa Rébecca akiwepo. Akasema plastiki bila vernis, ile dawa ya kupaka juu ikinge na kung'arisha, haifiki Jumapili: unyevu, moshi na vidole vya shangazi vitaimaliza. Vernis anayo yeye peke yake tangu vita vizuie malori ya bidhaa. Akasema atanipa bure. Bure! Mbele ya Rébecca! Nikamjibu ninayo yangu. Afadhali nilambe ukuta kuliko kupokea zawadi ya Melchior.

Jumatano, tarehe 3

Mimi ni fundi! Nimepika wanga wa muhogo, mwepesi kama uji wa mgonjwa. Nikatia chumvi, tena nyingi, ili ukungu usiote. Nikapaka ukuta mzima kwa kitambaa. Ulipokauka uling'aa hadi nikajiona meno.

Rébecca akaonja kwa ncha ya ulimi. Akasema umekolea kama mchuzi. Kisha akauliza kwa nini nisiache tu udongo, maana nyumba zote za mtaa ni za udongo, hata ya kwao. Ninampenda sana, lakini mambo makubwa hayaelewi.

Ijumaa, tarehe 5

Balaa! Askari wanapita nyumba kwa nyumba wakiomba mchango wa ukombozi. Mwaka jana walitukomboa kuku. Sasa wanatukomboa mbuzi. Kwa jirani imebaki kamba tu.

Rébecca alitaka kuwahamishia mbuzi wangu kwao, wana zizi nyuma ya nyumba. Nilikataa kabisa. Mahari yatangulie kabla Tantine hajasema ndiyo? Watu watasema nini? Nimewafungia sebuleni. Hapo ndipo mahali salama kuliko pote.

Jumamosi, tarehe 6

Nililala nikisikia sauti kama ya mtu anayepiga deki. Nikafurahi. Nikasema moyoni, hata mbuzi wanaheshimu nyumba safi.

Walikuwa wanalamba chumvi! Wamelamba ukuta toka mlangoni hadi dirishani, na chumvi ilipokwisha wakala marumaru yenyewe. Kabati la mama liko uchi. Nimevutana na beberu kwa kipande kilichokuwa kinaning'inia mdomoni. Beberu ameshinda. Nimekaa chini nikalia, naandika ukweli.

Jumapili, tarehe 7

Tantine amefika na vumbi la Kalunguta kwenye kitambaa chake cha kichwa. Nilikuwa nimetundika shuka ukutani, nami nimeegemea shuka. Nikamkaribisha kiti. Beberu akakohoa. Akatema marumaru juu ya kiatu cha Tantine.

Kisha shuka ikaanguka.

Tantine akatazama ukuta, akatazama beberu, akanitazama mimi. Akasema, “Mbuzi yako inakula nyumba yako, Hippolyte. Mutoto yetu atakula nini?”

Rébecca alijifunika uso. Sijui alikuwa analia au anacheka. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Kisha Tantine akapapasa udongo. Akasema ni mukavu, umenyooka, mvua haiingii, na hicho tu ndicho alichokuja kuangalia. “Ukuta ni muzuri. Ni weye unanitia mashaka.” Hata hivyo amenipa hadi Jumapili ijayo, atangojea hapa hapa Butembo. Sharti lake: nisibandike kitu, nimletee mbuzi tu, wazima.

Nimeokoka!

Jumatatu, tarehe 8

Nimefikiri vizuri. Ukuta mtupu mbele ya Tantine? Alisema vile kwa upole tu. Ni mtihani! Mimi si mtu wa kudanganywa.

Nimekwenda kwa Melchior. Ana roli zima la marumaru ya kubandika, jipya, la kijani. Nimempa mbuzi wote, amenipa roli. Hakubisha hata kidogo! Alitaka kuniongezea vernis, nikakataa. Akaomba kamba za mbuzi, nikampa. Akauliza Tantine Jokébed amefikia kwa nani hapa Butembo, nikamwelekeza hadi mlangoni. Maskini Melchior. Mbuzi wote hao atawafanyia nini, mtu hana hata mchumba?

Wanga unachemka jikoni. Safari hii sikosei. Chumvi hapana. Nimetia sukari.