Malalamiko Yangu Kuhusu Koleta Kuulizwa

Marambo, Nachingwea

Kwako Ndugu Afisa Ustawi wa Jamii,

Pole na majukumu. Mimi ni Kassian, baba yake Koleta mwenye miaka tisa, yule ambaye mahakama inasubiri taarifa yako kabla ya kuamua akae nami hapa Marambo au na mama yake, Letisia, kule Nambilanje. Kwa heshima zote nalalamika, kwa sababu umemuuliza mtoto.

1. Ulimuuliza peke yake, mlango umefungwa. Nilikuwa nimemfundisha majibu wiki nzima tukiokota korosho, na aliyashika vizuri mno. Ndiyo maana alikueleza yote: "Baba amesema niseme napenda kukaa kwake, halafu nitabasamu." Mtoto mtiifu namna hiyo amelelewa na nani?

2. Ulipokuja kukagua nyumba, ulimuuliza kitanda kipya ni cha nani. Akasema ni cha Mama Shaban. Ni kweli nilikiazima, lakini hiyo si dalili kwamba naishi vizuri na majirani? Isitoshe, Mama Shaban mwenyewe alikuja kukichukua ukiwa bado unaandika, kwa hiyo Koleta angeweza kunyamaza tu.

3. Mjomba wake, Modest, alikuja ofisini kwako kudai kwamba huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mwisho ni la mjomba. Nilifurahi sana ulipomkatiza. Kumbe ulimkatiza ili umsikilize Koleta!

4. Kama anayesikilizwa ni mtoto, basi hata mimi ni mtoto. Mama yangu, Bi Lusiana, yu hai kule Chunyu na mpaka leo ananigombeza. Naomba maslahi yangu yatangulie, na miaka yangu arobaini na miwili isiwe kikwazo. Nyumba bila Koleta inakuwa kimya, na kimya hicho mimi sikiwezi.

Hivyo naomba jibu la Koleta lifutwe, liandikwe langu. Nisalimie wote ofisini, na hakimu pia ukionana naye.

Wako katika kumtetea mtoto,
Kassian

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nilimsomea Koleta barua hii, nijue anaonaje. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, akasema anataka kukaa kwa mama, na likizo zote aje kwangu. Roho imeniuma, lakini nimemkubalia. Begi lake tumeshalifunga kwenye bodaboda. Barua nakuachia mlangoni pa ofisi yako, tukipita kwenda Nambilanje.