Mateka Asiyetakiwa

Jumatatu, 18 Juni 1537

Nimevuka mto nikiwa mzima. Mamba alimchukua nguruwe wa Kapteni, na nguruwe alikuwa hatua tatu tu nyuma yangu. Nimekaa juu ya jiwe muda mrefu nikihesabu vidole vya miguu. Vyote vipo.

Tuko watu sitini, farasi tisa, mbwa wanne. Mmoja wa farasi hao ni wa Tello Garrobo. Huyu Tello kwetu Zafra alikuwa kinyozi. Alimnyoa baba yangu miaka kumi na moja. Mimi nilikuwa mfuma soksi, na duka langu lilitazamana na lake. Leo yeye ni mpanda farasi, kwa hiyo dhahabu ikipatikana atachukua mafungu mawili. Mimi natembea, fungu moja. Kila anaponipita hunikumbusha nisikanyage kinyesi cha farasi wake. Hunikumbusha kwa upole, na hapo ndipo ninapoumia.

Alasiri Kapteni Nuflo de Arjona alitukusanya. Alisema mbele kuna korongo, ng'ambo ya korongo kuna mji, na mji una mtemi. Tutafanya kama kawaida. Tutaomba mazungumzo, mtemi atakuja, tutamkamata, na watu wake watamkomboa kwa dhahabu. Mtu wa kwanza kumtia mtemi mkononi atapewa fungu la mpanda farasi, na jina lake litaandikwa kwenye barua ya kupelekewa Mfalme.

Muhogo ulinishinda kumaliza. Tangu tuondoke bandari ya Santa Marta sijawahi kuacha chakula.

Jumanne, 19 Juni

Tumefika korongoni. Karani Vadillo amesoma Tamko la Mfalme. Ni sharti lisomwe kabla ya vita, ili makosa yote yawe ya wenyeji. Linasema kuna Mungu mmoja, kuna Baba Mtakatifu kule Roma, kuna Mfalme, na atakayekataa tutamchukulia mke na watoto, na lawama ni zake mwenyewe. Karani alilisoma kwa Kihispania, amejibanza nyuma ya mti kwa kuogopa mishale. Wasikilizaji walikuwa sisi na kasuku wawili. Kisha akaandika kwamba wenyeji wameelezwa vizuri.

Nilimuuliza Catalina kama wale wa ng'ambo wamesikia. Catalina ndiye mkalimani wetu. Alikamatwa pwani miaka mitano iliyopita, na padri akambatiza jina hilo. La kwao silijui, sijawahi kuuliza. Hutembea na kamba kiunoni, na ncha ya pili hushikwa na mpishi.

Alinijibu, "Bwana Lope, mimi nilikuwa hapa hapa karibu, na sikuelewa kitu."

Sasa mpango. Kesho mchana, wenzangu wakiwa wamelala kwa joto, nitavuka daraja la kamba peke yangu na Catalina. Nitalisoma Tamko mwenyewe, nitamkamata mtemi, nitarudi naye kabla ya chakula. Karani amenipa nakala, nimemwambia ni ya kusali. Mpishi amekubali kuniazima Catalina, nimemwambia tunaenda kutafuta mboga.

Na ili Tello asinitangulie, nimeficha hatamu ya farasi wake ndani ya gunia la mihogo.

Baadaye: Mpishi ameikuta. Tello amemshukuru mbele ya watu wote, akasema panya wa nchi hii ni wakubwa kweli, wanabeba hata hatamu. Alikuwa ananitazama mimi.

Jumatano, 20 Juni

Nimekamatwa.

Nieleze kwa utaratibu. Daraja tulivuka vizuri. Mji ni mkubwa, nyumba themanini hivi. Watu walitoka kututazama, hawakuwa na haraka. Katikati alisimama bwana mmoja mrefu, ana manyoya mekundu kichwani, bamba la dhahabu kifuani, kombe kubwa la baharini mkononi. Nikajua ndiye.

Nilifungua Tamko na kusoma. Sehemu ya kati niliiruka kwa sababu ya jua. Catalina akatafsiri. Maneno yangu yalikuwa mengi, yake yalikuwa machache mno. Alipomaliza, watu wote waligeuka kutazama daraja. Kisha akina mama wakainuka, wakabeba watoto, wakaondoka kimyakimya. Nilidhani wanaenda kuleta dhahabu.

Hapo nikamrukia yule bwana na kumkumbatia kiunoni kwa nguvu zangu zote. Alicheka. Alicheka hadi akakaa chini, nami nikakaa naye. Ana mtekenyo mkali sana. Kumbe si mtemi. Jina lake Sucuaro, na kazi yake ni kupuliza kombe wageni wanapokuja. Mtemi ni mama mmoja aliyekuwa ameketi pembeni akisokota pamba. Wakati wa kuingia nililiruka kapu lake, na sikumwamkia.

Kamba waliyonifungia ni ile iliyokuwa kiunoni mwa Catalina. Sasa yeye hana kamba.

Daraja wamelivuta upande wao. Naandika kwa mkaa, nyuma ya Tamko.

Alhamisi, 21 Juni

Bado ni mzima. Sielewi ni kwa nini.

Mimi najua sisi huwafanyia nini mateka. Mwezi uliopita, kwenye kijiji cha wachemsha chumvi, Kapteni alimuuliza mzee mmoja dhahabu iko wapi, huku nyayo za yule mzee ziko juu ya makaa. Kuni nilileta mimi. Nilijiambia kwamba aliyeleta kuni hakuwasha moto. Mzee hakuwa na dhahabu. Alikuwa na chumvi.

Asubuhi wanaume wawili waliingia nilikofungwa. Wamebeba makaa kwenye kigae. Miguu yangu ilijikunja yenyewe hadi magoti yakagusa kidevu. Wakayamwaga makaa katikati ya mafiga, wakabandika chungu, wakakoroga. Baadaye wakanipa uji wa mahindi. Nililia ndani ya bakuli. Ulikuwa mtamu, na miguu yangu ilikuwa bado miguu.

Kisha mtemi akaja. Anaitwa Tamoca. Ni mama wa makamo, mkononi ana kijiti chake cha kusokotea uzi, na haachi kusokota hata akizungumza. Catalina alikaa kando yake. Mtemi humwita Naguare, naye huitika.

Catalina akaniambia, "Mama anauliza unajua kazi gani."

Nikasema mimi ni askari.

"Anasema hiyo ameshaiona. Anauliza kazi."

Nikasema nafuma soksi. Ilibidi nivue buti niwaonyeshe. Tamoca alishika soksi yangu kwa vidole viwili, akaitazama ndani na nje, akauliza mbona ina matundu. Niliona aibu kama niko dukani kwangu. Nikamwambia hiyo ni ya safari, anipe uzi nimwonyeshe kazi halisi. Walinifungua mikono. Nimechonga vijiti vinne vya kufumia. Uzi wao ni mzuri kuliko wowote niliowahi kununua Zafra.

Ijumaa, 22 Juni

Tamoca amepeleka masharti yake kambini. Catalina alisimama juu ya mwamba na kupiga kelele ng'ambo ya korongo: Kapteni arudi alikotoka, mwendo wa siku tatu, naye atapewa Lope Berrueco akiwa hana hata mkwaruzo.

Nilikuwa nimekaa chini ya mwamba, nasikia kila kitu. Nilitarajia mshindo wa furaha.

Badala yake nikasikia sauti ya mpishi kutoka ng'ambo ikiuliza, "Lope yupi?"

Walishauriana kwa muda mrefu. Mwishowe Karani akatangaza kwamba Kapteni hawezi kurudi nyuma, ila yuko tayari kutoa kofia nyekundu moja, shanga sita za kioo, na kisu kisicho na mpini. Catalina alipomweleza Tamoca, mtemi aliacha kusokota kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Ndipo Tello akapaza sauti yake ya kinyozi. "Waambie kama wamempenda, wakae naye tu. Sisi hatuna kinyongo."

Sitamsamehe.

Kutwa nzima watu wanapanda mlimani na makapu mgongoni. Nilimuuliza Catalina kunani. Alisema wanahamisha mahindi, mvua hizi zisije zikayaharibu.

Nikasema, "Na watoto je?"

Akasema, "Nao wasilowe."

Nikaona ni busara. Hawa ni watu wa mipango.

Jumamosi, 23 Juni

Kapteni ametuma neno jipya. Kofia ameiondoa, asubuhi zimekuwa baridi.

Nimemaliza soksi ya kwanza. Tamoca aliivaa mkononi hadi kiwiko, akazunguka nayo akiwaonyesha watu waliobaki. Hawakuzidi kumi. Nilimwambia ni ya mguuni. Alisema mguu wake hauna shida yoyote.

Sucuaro, yule mpiga kombe, alikuja kuketi nami. Alinionyesha mbavuni pale nilipomkumbatia, akacheka tena peke yake. Akanipa nanasi. Nimekaa nikila nanasi na mtu niliyetaka kumtia minyororo, na nikawaza jambo fulani, lakini usingizi wa mchana ukanichukua kabla sijalimaliza.

Jumapili, 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohane

Niko huru.

Tamoca alikuja asubuhi, mizigo yake imeshafungwa. Alisema kupitia Catalina kwamba kwa siku hizi amejifunza jambo moja juu yangu, nalo ni kwamba ninakula sana. Hakuna anayenitaka kule, na huku sasa hakuna kazi yangu tena. Basi niende.

Niliuliza kama hatanitoza chochote. Akasema nimuachie vile vijiti vya kufumia. Nilimpa vyote vinne, kwa haraka ya furaha hadi kimoja kikaanguka, tukakiokota pamoja.

Walinitia ndani ya kapu kubwa na kunivusha korongo kwa kamba. Kapu lilizunguka hewani, chini maji yananguruma, na mimi nilikuwa nacheka. Kabla sijavuka nilimuuliza Catalina mbona haingii. Amekaa juu ya gogo anafunga mzigo mdogo, na kiunoni alipokuwa na kamba amejifunga mshipi mpya wa pamba.

"Tangulia, bwana Lope," alisema. "Nachukua kitana changu, nakuja."

Kambini watu walikuwa wanakula. Walinisogezea nafasi. Tello akaondoka, akarudi na nusu ya soseji yake, ya mwisho tuliyokuja nayo kutoka Uhispania. Hakunitazama usoni. Alisema zile kelele alizipiga makusudi, ili wanione sina thamani waniachilie. Kisha akaleta wembe, akaninyoa ndevu bila kuulizwa. Simwamini. Ila soseji nimekula.

Jumanne, 26 Juni

Jana Kapteni alipata kivuko upande wa juu wa mto, tukaingia mjini na mapanga mkononi. Mji mtupu. Hakuna mtu, hakuna punje ya mahindi, hakuna hata kuku. Mbwa walinusanusa nyayo zilizofutwa na mvua, wakalala. Minyororo ilirudishwa kwenye gunia kama ilivyotoka. Kapteni alipiga teke chungu, akaumia kidole.

Mimi nilipita nyumba hadi nyumba. Katika nyumba niliyofungwa, mafiga yalikuwa ya baridi. Nikasikia kitu kinashuka kifuani, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nimefikiri sana ni nini. Nadhani ni ile soseji.

Kapteni aliniuliza Catalina yuko wapi. Nilimwambia ameenda kuchukua kitana, yuko njiani. Kapteni akaondoka akichechemea. Watu hawana subira. Mimi naendelea kumtunzia chakula chake. Kwa kuwa kinaharibika, nakila.

Basi jeshi halina mkalimani, na hapo ndipo bahati yangu ilipo. Nimemweleza Kapteni kwamba kwa siku nilizokaa kule nimejifunza lugha yao. Ni kweli. Watoto walinifundisha kabla hawajapelekwa mlimani. Kila nilipotokeza mlangoni walisema kwa pamoja, *chuqui, chuqui*. Maana yake ni bwana mkubwa. Walimwita hivyo pia bata mzinga mmoja aliyekuwa akivamia mahindi, kwa hiyo nimeelewa kwamba kwao ndege huyo anaheshimiwa sana. Neno la pili ni *mabará*. Hilo walilisema huku wakinirushia vijiwe vidogo kwa mchezo. Ni karibu, jongea.

Kapteni amenifanya mkalimani mkuu, fungu moja na nusu. Hakuna mwingine aliyejitokeza.

Bonde linalofuata lina mtemi mwenye wapiganaji. Tangu asubuhi tunasikia makombe yao, si moja wala mawili. Kesho nitatangulia mbele ya jeshi, mahali peupe, watu wote wanione. Nitajipiga kifua na kutamka kwa sauti: mimi ni *chuqui* aliyetumwa na *chuqui* mkubwa zaidi wa Uhispania. Nyote, *mabará*. Kisha mtemi akisogea nimkamate. Safari hii nitaangalia vizuri ni yupi.

Nimemsimulia Tello mpango wote. Akaniuliza buti zangu ni saizi gani.

Wivu tu.