Simu Iliyojiita Kompyuta

Redio ya kibanda cha Fundi Simu ilikuwa imetoka kutangaza: maombi ya uhamisho wa walimu mwisho leo saa sita mchana, kwa tovuti tu. Mwalimu alikuwa benchini tayari, jasho linamtoka. Mwaka wa nne huu anaomba kumfuata mkewe, na mtoto wao ameanza kumwita mjomba.

"Tovuti inasemaje?" akauliza Mama Cherehani, jirani wa kibanda.

"Kivinjari cha simu hakifai. Nitumie kompyuta."

"Imejuaje kuwa ni simu? Ina macho?"

"Macho wapi," Fundi akabetua midomo. "Kivinjari, hicho kinachokufungulia tovuti, kikifika kinajitaja chenyewe: mimi fulani, nimetoka kwenye simu. Tovuti ikisikia simu, inafunga mlango."

"Haihakiki?"

"Ihakiki nini? Inaamini inachoambiwa. Na vivinjari vyote ni waongo, mama. Tangu zamani kila kimoja kinajipachika jina la mwenzake ili kifunguliwe."

"Kama baba watoto alipokuja kuposa. Alijiita mhasibu."

"Mimi nafundisha watoto wasidanganye," Mwalimu akanung'unika.

"Basi kaa na ukweli wako hapo kwenye benchi. Saa tano na nusu hii," Fundi akamjibu.

Mwalimu akamkabidhi simu. Fundi akagusa mahali pamoja tu, palipoandikwa mwonekano wa kompyuta, na tovuti ikafunguka kwa adabu zote. Ila kwa kuwa ilidhani iko kwenye kioo kikubwa, herufi zikawa ndogo kama chawa. Mwalimu akakodoa macho, akachagua shule kwa kidole chake kinene, akatuma zikiwa zimebaki dakika mbili.

Jibu likaja papo hapo: ombi limekubaliwa. Mama Cherehani akapiga kigelegele.

"Miaka minne ya ukweli, hawakukujibu," Fundi akacheka kwa dharau. "Uongo wa dakika moja, hongera. Umepelekwa wapi?"

Mwalimu akakuza maandishi, akasoma, akasoma tena. Kidole kilikuwa kimegusa mstari wa juu ya ule alioutaka.

"Hapa hapa. Nimehamishiwa shule yangu mwenyewe."

"Rudia, basi."

"Ukishakubaliwa huombi tena mpaka miaka miwili ipite."

"Na hakuna aliyeona kuwa unatoka hapa unakwenda hapa?" Mama Cherehani akasonya. "Unaripoti lini?"

"Jumatatu ijayo. Wamenipa siku saba za safari."

"Basi safiri, mwalimu. Mkeo yuko wapi vile?"

Mwalimu alikuwa ameshainuka kwenda kutafuta basi.