Piano Iliyo Chini ya Shuka

Mheshimiwa Meya wa Pickett Falls, Mheshimiwa Mkuu wa Zimamoto na king'ora chako, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Burudani ambayo mimi, Harlan Stubbs, ni mwenyekiti wake, katibu na mjumbe pekee aliyehudhuria vikao vyote, Mwalimu Lorna Vogel, wazazi, na nyinyi wanafunzi wapya wa piano mliovaa kichawi, kimifupa, na yule pale aliyevaa kama nyanya, habari za jioni! (“Mimi ni boga!”)

Boga, imeingia kwenye kumbukumbu. Ndugu wananchi, kwa mujibu wa mkakati shirikishi niliouasisi mwenyewe nikiwa bafuni, Programu ya Piano ya Halowini, sikukuu yetu ya mavazi ya kutisha na pipi, imewafikia asilimia mia moja na nne ya walengwa, ambao wamejifunza kutambaza vidole vitano kama buibui, kutafuta kila noti ya “do” na kuiwekea pipi, na kurusha mkono kutoka sauti nene hadi nyembamba kama mzimu aliyekanyaga msumari, na yote hayo wameyafanya juu ya vipande vya kadibodi vilivyochorwa vitufe vya piano, teknolojia isiyotumia umeme wala kusumbua majirani! (Makofi mawili, yote ya Bi Stubbs.)

Leo basi, chini ya shuka hili jeupe... (“Lifunue, Harlan! Saa kumi na mbili kasoro tano!”) Utaratibu, mzee wangu, utaratibu! Nafahamu kwamba king'ora kikilia saa kumi na mbili watoto wote watakimbilia milangoni kuomba pipi, na mimi sivuti muda, isipokuwa nina kurasa tisa tu zilizobaki. (Miguno.)

Naam, Tilly Brandt, binti wa mifupa? (“Bibi yangu, yule pale, anarudishwa nyumba ya wazee saa kumi na mbili. Hajawahi kunisikia nikicheza. Hata mara moja.”) Serikali inakusikia, mwanangu, na suala lako liko kwenye mchakato... Tilly, usiliguse shuka! Tilly! (Shuka chini. Marobota matatu ya nyasi na kiti kibovu. Piano haipo.)

Ndugu wananchi, hiyo ni awamu ya kwanza. (“Awamu ya ng'ombe!” Vicheko. Tilly ametandaza kadibodi yake juu ya nyasi. Buibui wa vidole vyake wanatambaa. Mwalimu Vogel anaimba sauti kila kidole kinaposhuka, kisha ukumbi mzima. Bibi amefumba macho: “Cheza, mpenzi, nakusikia vizuri.”)

Mmesikia wenyewe! Mradi unasikika! Buibui juu! (“Juu!”) Kadibodi mbele! (“Mbele!” King'ora. Hakuna mtoto aliyetoka.) Nimalizie kwa kumshukuru Meya kwa shuka, mkulima kwa marobota, na nyote kwa kuwa na imani na piano ambayo, Mungu akipenda, baada ya Krismasi, tutaanza kufikiria kuiomba. Jamani, naombeni kadibodi moja na mimi nijaribu?